Waratibu wa Huduma na Utafiti Unaofanyika Majumbani

Mratibu wa huduma za familia majumbani ni mtu anayehakikisha kwamba mhudumu aliyetumwa kwenye kaya fulani amefika, amefanya alichotumwa, ameandika alichokiona, na kwamba familia iliyotembelewa imepata hata ule msaada ambao mhudumu peke yake hana uwezo wa kuutoa. Huduma ikiambatana na utafiti, mratibu huongezewa mzigo wa pili. Ni lazima taarifa zinazotoka katika nyumba ile ziwe za kweli, ziwe zimetolewa kwa ridhaa, na zifike kwa wachambuzi bila kuvuja njiani. Kazi hizo mbili mara nyingi huangukia mtu mmoja, na mara nyingi huvutana.

Cheo hiki kina majina mengi. Nchini Tanzania, halmashauri ina mratibu wa huduma za afya ngazi ya jamii, na pale kaya masikini zinapopokea ruzuku yuko mratibu wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Asasi zinazolea watoto waishio katika mazingira hatarishi huwa na mratibu wa mradi, ambaye kazini hukutana kila siku na afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii. Nchini Kenya, wahudumu wa afya ya jamii husimamiwa na maafisa wa afya ya jamii walioajiriwa na kaunti. Katika taasisi za utafiti yuko mratibu wa utafiti, na chini yake wasimamizi wa wadodosaji. Majina yanatofautiana, lakini wote wanapimwa kwa jambo moja: nini hasa hutokea mhudumu anapopiga hodi na kukaribishwa ndani.

Huduma hupelekwa nyumbani kwa sababu nyumba huonyesha mambo ambayo zahanati haiyaoni. Muuguzi wa kliniki humwona mama na kadi ya mtoto. Anayekwenda nyumbani huona maji yanakochotwa, mtoto analala wapi na nani, jiko linatoa moshi kiasi gani, na nani hasa ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu kumpeleka mgonjwa hospitali. Huwafikia pia wale wasiofika kliniki kabisa: msichana aliyejifungua akafichwa na wazazi kwa aibu, mzee aliyepooza, mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa chumbani. Hao ndio wenye shida kubwa zaidi, na ndio wanaokosekana katika takwimu zinazokusanywa kituoni.

Mfano ulio wazi ulitoka Jinja, Uganda. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, lilishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwenye jarida la Lancet. Wagonjwa 1,453 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza VVU waligawanywa kwa kufuata maeneo wanayoishi, maeneo 44 kwa jumla. Katika baadhi ya maeneo wagonjwa waliendelea kwenda kliniki kama kawaida. Katika mengine, maafisa wa nyanjani wasio madaktari wala wauguzi walipanda pikipiki mara moja kwa mwezi, wakapeleka dawa nyumbani, wakauliza maswali yaliyopangwa kuhusu dalili za hatari, na walipoona jambo la kutia shaka wakampeleka mgonjwa kwa daktari. Mwishowe makundi yote mawili yalilingana katika kudhibiti virusi. Tofauti ilionekana mfukoni mwa mgonjwa, kwani wale waliofuatwa nyumbani walitumia pesa kidogo sana kwa nauli na kwa siku za kazi zilizopotea.

Matokeo hayo husimuliwa kama ushindi wa pikipiki na wa vijana waliozipanda. Ni haki yao kusifiwa. Hata hivyo, kijana yule aliweza kufanya kazi bila shahada ya udaktari kwa sababu kulikuwa na orodha ya maswali iliyotungwa kwa uangalifu, ratiba iliyojulikana, akiba ya dawa isiyokatika, na daktari aliyekuwa tayari kumpokea mgonjwa aliyepewa rufaa. Vitu hivyo vinne ni kazi ya uratibu. Kikiondolewa kimoja, kwa mfano dawa zikichelewa kwa miezi miwili, ziara hugeuka salamu tu, na familia iliyozoea kumngoja mgeni wake huacha kumngoja.

Funzo lingine limetoka Kingston, Jamaika, katikati ya miaka ya 1980. Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 waliodumaa, kutoka mitaa ya watu masikini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa muda wa miaka miwili na wasaidizi wa afya wa jamii, ambao walimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa kutumia vitu vilivyotengenezwa kwa mabaki ya nyumbani: vifuniko, chupa za plastiki, vipande vya mbao. Miaka ishirini baadaye watafiti walirudi kuwatafuta. Waliwapata 105, wakiwemo waliokwisha kuhamia Marekani, Kanada na Uingereza. Waliochezeshwa utotoni walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 25, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Hiyo asilimia 25 imenukuliwa katika mikutano mingi ya serikali na wafadhili. Hesabu ya watoto 105 kati ya 129 hainukuliwi sana, nayo kwa mratibu ndiyo yenye uzito. Kumpata mtu baada ya miaka ishirini, tena aliyevuka bahari, kunahitaji daftari lililotunzwa vizuri tangu siku ya kwanza: jina la mtoto na majina anayoitwa nyumbani, jina la bibi, la jirani, la shangazi anayeishi mji mwingine, na kumbukumbu ya kila safari familia ilipohama chumba. Utafiti wa muda mrefu hufa kimyakimya pale kumbukumbu hizo zinapoachwa kwenye karatasi za mdodosaji aliyeacha kazi. Ukisoma ripoti utaambiwa tu kwamba theluthi ya washiriki hawakupatikana, na hapo tena hakuna awezaye kusema kama waliopotea walikuwa na hali sawa na waliobaki.

Swali ambalo programu nyingi hulikwepa ni hili: mratibu mmoja asimamie wahudumu wangapi? Nchini Marekani, mpango wa wauguzi wanaowatembelea kina mama wa mara ya kwanza, ulioasisiwa na David Olds katika mji wa Elmira, jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1970, uliweka kikomo kinachojulikana. Muuguzi mmoja alipangiwa familia zisizozidi 25, na msimamizi mmoja wauguzi wasiozidi 8. Kila wiki msimamizi hukaa faraghani na muuguzi mmoja mmoja wakapitia familia zake, na mara kwa mara hufuatana naye hadi nyumbani. Katika jaribio lililofanyika baadaye Denver, wahudumu wasio wauguzi walilinganishwa na wauguzi. Wasio wauguzi walipewa usimamizi wa karibu zaidi, na bado mafanikio yao yalikuwa kama nusu ya yale ya wauguzi. Kwa hiyo uratibu mzuri una mipaka yake, na elimu ya mwenye kuingia nyumbani ina thamani ambayo usimamizi hauwezi kuijaza yote.

Mipaka mingine ilionekana Uingereza, ambako mpango huohuo ulipimwa kwa akina mama vijana 1,645. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti katika mambo makuu yaliyopimwa, kama vile uvutaji sigara wakati wa ujauzito na uzito wa mtoto anapozaliwa. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba kina mama wa kundi la ulinganisho nao walikuwa na wakunga na wauguzi wa kawaida wa serikali, waliokuwa wakiwatembelea bila mradi wowote. Ziara ya nyumbani huleta faida kubwa pale ambapo hakuna kitu kingine. Mratibu anayepanga kaya za kuanza nazo anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuchagua zile zilizo karibu na barabara ya lami.

Afrika Mashariki hesabu ni tofauti kabisa. Mwezi Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliolenga kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili katika kila kitongoji au mtaa. Kenya ilikuwa imezindua wa kwake Septemba 2023 kwa wahudumu zaidi ya 100,000, kila mmoja akipewa kaya zipatazo 100, mkoba wa vifaa, simu ya kuingizia taarifa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Hizi ni hatua kubwa, na waliozipigania wanastahili heshima. Lakini chukua halmashauri ya vijijini yenye vitongoji 300. Wahudumu wake watakuwa 600. Mratibu wa halmashauri akiamua kufuatana na wahudumu wawili kila siku ya kazi, siku ishirini kwa mwezi, itampasa miezi kumi na mitano kumwona kila mmoja mara moja tu, tena asihudhurie kikao hata kimoja, asiandike ripoti hata moja, na gari lisiharibike hata siku moja.

Ndiyo maana usimamizi wa kweli lazima ukae karibu na kijiji, kwa kawaida katika zahanati, mikononi mwa muuguzi au mganga ambaye tayari ana foleni ya wagonjwa mlangoni. Kumwongezea kazi hiyo bila kumpunguzia nyingine, bila nauli na bila siku maalumu ya kutoka ni kuandika jina la msimamizi kwenye karatasi tu. Bajeti nyingi huhesabu posho ya mhudumu, sare yake, baiskeli yake na mafunzo yake, kisha uratibu huwekewa kile kilichobaki. Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika, na gharama yake hulipwa na familia, kwa kuwa mhudumu asiyetembelewa na mtu huanza naye kutotembelea.

Rwanda imejaribu njia ya kati. Mpango uitwao Sugira Muryango, ulioandaliwa na Theresa Betancourt wa Boston College pamoja na washirika wa Rwanda, huingia katika nyumba za familia masikini zenye watoto wadogo na kuzungumza na baba na mama kwa pamoja kuhusu lishe, michezo ya mtoto, hasira na ugomvi wa ndoa. Jaribio lililoanza mwaka 2018 lilihusisha familia 1,049 katika wilaya za Ngoma, Nyanza na Rubavu, na lilionyesha kupungua kwa adhabu kali kwa watoto na kwa ukatili baina ya wenzi. Mpango ulipotaka kupanuka uliwatumia Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia, ambao kila kijiji kina wawili, mwanamume na mwanamke. Ili ubora usishuke, kikundi kidogo cha wenye uzoefu hulea kikundi kinachofuata, na mazungumzo ya nyumbani hukaguliwa ili kujua kama mhudumu anafuata mwongozo au ameshika njia yake. Hapo uratibu umepewa nafasi yake tangu mwanzo, na haukuletwa kama nyongeza ya mwisho.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kaya ya kwanza kutembelewa. Utafiti nchini Tanzania huhitaji kibali cha maadili, ambacho kwa masuala ya afya hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale kinapohitajika. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, hadi mwenyekiti wa kitongoji. Wageni wa kazi hii huiona safari hiyo ya barua kama usumbufu. Mratibu mzoefu huitumia kufanya jambo lenye faida zaidi ya mhuri: katika kila ofisi hueleza mradi kwa maneno yaleyale atakayoyatumia kwa familia, na husikiliza maswali. Swali la mtendaji wa kijiji leo ndilo litakaloulizwa na mama mwenye nyumba mwezi ujao.

Kisha huja kupanga nani aende wapi. Mhudumu akiwa mwenyeji huijua njia na lugha ya nyumbani, lakini pia huenda ana mgogoro wa shamba na ukoo wa jirani, au ni mkwe wa familia anayopaswa kuiuliza habari za uzazi wa mpango. Kijana wa kiume hawezi kumhoji mama mkwe wake kuhusu mimba zilizoharibika, na hata akiweza, majibu atakayopewa yatakuwa ya heshima tu. Mpangilio unaozingatia mambo haya hauonekani katika ripoti yoyote, ingawa ndio unaoamua kama majibu yatakuwa na thamani. Ratiba nayo ina maarifa yake. Wakati wa masika familia ziko shambani tangu alfajiri. Katika mwezi wa Ramadhani mazungumzo marefu ya alasiri hayafai. Nyumba yenye msiba haihojiwi, na mdodosaji aliyefundishwa vizuri huweka kishikwambi chake mkobani, huketi na waombolezaji kwa muda unaostahili, na hurudi siku nyingine.

Usimamizi wa nyanjani hufanywa kwa namna mbili zinazokamilishana. Ya kwanza ni kufuatana na mhudumu na kumwangalia akifanya kazi, bila kumkatiza mbele ya familia. Mhudumu aliyesahihishwa mbele ya mama mwenye nyumba hupoteza heshima ambayo mratibu hataweza kumrudishia. Ya pili ni kurudia kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, bila mhudumu kujua zipi, na kuuliza maswali machache: je, alikuja, alikaa muda gani, alizungumzia nini. Njia hii ya pili hugundua takwimu zilizobuniwa chini ya mwembe. Hata hivyo, mratibu mwadilifu akigundua udanganyifu huchunguza chanzo chake kabla ya kumfukuza mtu. Mara nyingi hukuta dodoso la saa mbili linalomchosha kila mtu, kaya kumi kwa siku zilizotawanyika katika kilomita thelathini, au posho ambayo haijalipwa kwa miezi mitatu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ridhaa. Fomu ya ridhaa husomwa, mama husaini au huweka dole gumba, na kisheria jambo limekwisha. Katika maisha ya kijijini jambo bado. Mgeni ameletwa na mwenyekiti, amevaa kitambulisho, amekaribishwa kiti na maji, na adabu hairuhusu kumwambia hapana usoni. Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, katika kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome, walieleza mwaka 2015 namna familia zinavyokataa bila kutamka neno la kukataa: mama hayupo kila siku ya miadi, mtoto amepelekwa kwa bibi yake, mume ana safari, njoo wiki ijayo. Wengine hupenda kubaki katika utafiti kwa ajili ya matibabu yanayoambatana nao, huku wakikwepa kutolewa damu. Wadodosaji, ambao ni majirani zao, hulielewa hilo na hulifumbia macho, nao hujikuta katikati ya huruma na kanuni.

Mratibu ambaye hajali lolote ila idadi atasukuma ziara ya nne na ya tano hadi mama asalimu amri. Atapata namba, na atakuwa amemnyang'anya mtu haki yake ya kukataa. Njia iliyo bora ni kuweka kanuni mapema: baada ya miadi miwili au mitatu kuvunjika, familia iulizwe kwa upole, na mtu mwingine asiye mdodosaji wao, kama ingependa kupumzika, na iambiwe wazi kwamba huduma ya zahanati haitaguswa na jibu lake. Kituo cha Kilifi, ambacho tangu mwaka 2000 kimekuwa kikifuatilia kaya za eneo lake kwa ziara za kurudiarudia, kiliunda mtandao wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wananchi wenyewe ili malalamiko ya namna hiyo yapate njia ya kusemwa. Mpango wa aina hiyo ni wa lazima zaidi pale damu inapotolewa. Katika Pwani, habari za mumiani, watu wanaodhaniwa kunyonya damu za wenzao, ni za zamani kuliko taasisi yoyote ya utafiti, na uvumi ukishaanza hauzimwi kwa tangazo la kipaza sauti. Huzimwa na mtu anayejulikana, anayeweza kueleza kijiko kimoja cha damu kinakwenda wapi, kinapimwa nini na kinatupwa lini, na kukubali kuwapeleka wazee wachache maabara wakaone kwa macho yao.

Upo pia mkanganyiko kati ya utafiti na tiba. Familia huona watu wenye gari la hospitali wakiuliza habari za mtoto, na huamini kwamba mtoto anatibiwa. Mradi unaogawa vijiji viwili, kimoja kipate huduma mpya na kingine kibaki na ya kawaida, huongeza utata, kwa sababu jirani wa ng'ambo ya mto atauliza kwa nini yeye harudiwi. Vijiji vizima hugawanywa badala ya nyumba moja moja ili maarifa yasivuje kutoka kwa jirani hadi jirani na kuharibu ulinganisho. Mratibu ndiye mlinzi wa mpaka huo, na ndiye anayepaswa kuueleza kwa haki, ikiwemo kusema wazi kama kijiji cha pili kitapewa huduma baadaye au la. Ahadi isiyo na bajeti ni bora isitolewe.

Kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2015 liliwatumia wanawake wa kujitolea kuwatembelea wajawazito mara tatu na kuwarudia mara mbili baada ya kujifungua. Kata 132 zilihusishwa. Baadhi ya matendo yalibadilika, kama usafi wa mikono wakati wa kuzalisha na kumpa mtoto maziwa ya mama pekee katika siku za mwanzo. Vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa sababu ya ziara hizo. Ukweli huo ulipatikana kwa sababu matokeo yalipimwa kwa uchunguzi wa kaya uliotenganishwa na kazi ya wanaotoa ushauri. Mhudumu akipewa kazi ya kujipima mwenyewe, mara nyingi atajipa alama nzuri, wala si kwa ubaya. Mratibu hutenganisha mikono hiyo miwili hata pale ambapo kuiunganisha kungeokoa fedha. Matokeo hayo yanafundisha pia kwamba ushauri wa nyumbani huhitaji kituo kilicho tayari. Mama aliyeshawishika kujifungulia zahanati anahitaji kukuta mkunga, maji, mwanga na kifaa cha kumsaidia mtoto aliyeshindwa kupumua.

Kwa hiyo rufaa ni moyo wa uratibu. Karatasi ya rufaa isiyofuatiliwa haina maana. Mratibu hushika orodha ya waliotumwa, hupiga simu kituoni, na huuliza kama walifika na kama walihudumiwa. Rufaa nzito zaidi zinahusu ukatili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapoona haki ya mtoto inakiukwa, na namba ya simu 116 hupokea taarifa za watoto Tanzania na hata Kenya. Mdodosaji wa miaka ishirini na mitatu aliyeoneshwa makovu ya mtoto, baada ya kuahidi siri kwenye fomu ya ridhaa, hapaswi kuachwa aamue peke yake. Fomu itaje mapema jambo lisiloweza kufanywa siri, na mratibu apatikane kwa simu saa zote za kazi, akiwa na jina la afisa ustawi wa jamii na la dawati la jinsia polisi.

Taarifa zenyewe zina sheria zake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Vishikwambi vimeondoa makaratasi yaliyokuwa yakilowa mvua, lakini vimeleta hatari ya kifaa kimoja kuibiwa stendi kikiwa na hali za VVU za kijiji kizima. Nywila, majina kutenganishwa na majibu, na kufuta nakala kila jioni baada ya kutuma ni mambo yanayokaguliwa na mratibu mwenyewe.

Yako pia masikitiko ya wahudumu, ambayo bajeti haiyahesabu. Mtu anayetembelea nyumba za umasikini kila siku huombwa unga, nauli, ada ya shule, na wengine hutoa mfukoni mwao hadi wanakopa. Huzika watoto waliowapima uzito wiki iliyopita. Kikao cha kila wiki au kila mwezi, ambapo wahudumu husimulia nyumba zilizowalemea na kushauriana, hupunguza kuacha kazi na huboresha ziara zinazofuata. Mratibu hueleza hapo kile ambacho mradi unaweza kutoa, mathalani nauli ya dharura ya kwenda hospitali, na kile ambacho hauwezi, ili kila mhudumu awe na jibu moja la kuwapa wote.

Mradi unapofika mwisho, kazi ya mratibu huongezeka. Matokeo hurudishwa kwanza kwa waliotoa taarifa, katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili au kwa lugha ya pale, kabla hayajasomwa katika mikutano ya ng'ambo. Familia huarifiwa ziara ya mwisho miezi kadhaa kabla, na zile zenye mgonjwa au mtoto aliye hatarini hukabidhiwa kwa majina kwa muuguzi wa zahanati na kwa afisa ustawi wa jamii, ana kwa ana. Daftari la kaya hubaki kijijini. Nakala za utafiti, zikiwa zimeondolewa majina, huhifadhiwa kwa muda uliotajwa katika kibali, na wahudumu hulipwa madai yao yote kabla ofisi haijafungwa.